Nyuzi Tatu za Ua Moja

Shangazi aliporudi kutoka Maskati aliniletea kichupa cha kioo kisichozidi urefu wa kidole gumba, ndani yake gramu moja ya zafarani. Usiku ule, watoto walipokwisha kulala, nilifunga dirisha upepo usiingie, nikaimwaga yote juu ya sahani nyeupe, nikachukua sindano na kuanza kuhesabu uzi mmoja mmoja. Ni nyuzi nyekundu za kukolea, nyembamba upande mmoja, na upande wa pili zimepanuka kama kijitarumbeta chenye mdomo uliochanika-chanika. Nilipofika 400 nilikuwa bado sijamaliza.

Ua moja la zafarani lina nyuzi tatu tu. Basi kwenye sahani ile palikuwa na maua kama 150, na kilo moja hutaka maua 150,000 hivi, pengine zaidi. Watu husema zafarani ni ghali kwa kuwa ni adimu. Mimi sikubali. Mmea wenyewe hauna makuu: unavumilia baridi, unavumilia kiangazi, hautaki maji mengi. Kilichomo ndani ya kichupa cha shangazi ni kazi ya vidole, na kazi hiyo ndiyo ninayotaka kuikalia hapa.

Tuanze na shamba. Zafarani haina mbegu. Ua lake lina chavua, lina kila kitu cha ua, lakini halizai. Wataalamu wa mimea wameeleza sababu: chembe zake zina seti tatu za kromosomu badala ya mbili, na tatu haigawanyiki sawa kwa mbili. Mkulima wa Kagera au wa Buganda hatashangaa, maana migomba yake ya ndizi za kupika nayo ina seti tatu, na hajapata kupanda mbegu ya ndizi hata siku moja; hupanda chipukizi. Zafarani hupandwa kwa tunguu, dogo kama kitunguu kichanga, lililovikwa nyuzinyuzi za kahawia. Kila mwaka tunguu mama hunyauka likafa, na mgongoni mwake huota matunguu madogo. Yale mapya hukaa juu ya lile la zamani, kwa hiyo mwaka hadi mwaka yanapanda yakikaribia uso wa ardhi, yanabanana, maua yanapungua. Hapo mkulima huyafukua, huyachagua, huyatupa yaliyooza, na kuyazika upya kwenye ardhi nyingine, kina cha sentimita 15 hivi.

Hebu tufikirie maana yake. Mmea huu hauwezi kutoroka shambani ukajiotea porini. Kila tunguu lililoko leo Iran, Kashmir, Hispania au Morocco lipo kwa sababu kuna mtu alilifukua na kulizika tena, na kabla yake mtu mwingine, na mwingine, hadi kufikia Ugiriki ya kale, ambako wachunguzi wa vinasaba wamemfuatilia mzazi wake, ua la mwitu liitwalo Crocus cartwrightianus. Mnyororo huo ungekatika kwa kizazi kimoja tu cha watu wavivu, zafarani ingekwisha duniani.

Na mnyororo ni mrefu. Katika kisiwa cha Thera, kwenye bahari ya Ugiriki, mji wa Akrotiri ulifunikwa na majivu ya volkano zaidi ya miaka 3,500 iliyopita. Walipoufukua, wachimbuzi walikuta kwenye kuta za nyumba moja picha za wasichana wakichuma maua ya jamii hii mlimani, wengine wamebeba vikapu, mmoja anamwaga mavuno yake chini, na mungu wao wa kike ameketi huku tumbili wa rangi ya buluu akimpa mkononi alichochuma. Mchoraji angeweza kuchora karamu au soko. Alichora wachumaji.

Sasa twende La Mancha, katikati ya Hispania, kwenye uwanda wa vinu vya upepo. Zafarani ilifika huko na Waislamu, na jina la Kihispania, azafrán, ni ndugu wa zafarani yetu; yote mawili yametoka kwenye Kiarabu. Ua lenyewe wenyeji huliita rosa, waridi, ingawa si waridi. Mwishoni mwa Oktoba mji wa Consuegra hufanya sikukuu yake, na sikukuu hiyo imekuwapo tangu mwaka 1963. Ila sikukuu ni ya siku chache. Kazi ndiyo inayofaa kutazamwa.

Ua huchomoza ardhini usiku, rangi ya zambarau, halijai shubiri. Mchumaji hulifuata alfajiri, umande haujakauka, na ua halijafunguka. Jua likishapanda, petali hulegea na kulala, ua linakuwa gumu kuchambua, na mwanga mkali huanza kuzichosha nyuzi. Kwa hiyo mchumaji anashindana na saa. Anainama kutoka kiunoni, mguu mmoja upande huu wa tuta na mguu mwingine upande ule, kidole gumba na cha shahada vinashuka hadi shinani na kulikata ua kwa kucha, bila kung'oa majani, maana majani yakijeruhiwa tunguu la mwakani halishibi. Msimu wote wa kuchanua hauzidi wiki mbili au tatu. Katikati yake huja siku ambayo shamba zima hulipuka kwa pamoja, na wenyeji wameipa jina: siku ya manto, yaani siku ya joho, kwa kuwa ardhi huonekana imevishwa joho la zambarau. Siku hiyo hakuna wa kubaki nyumbani. Ua la leo halingoji kesho.

Vikapu vikifika nyumbani, kazi ya pili inaanza, na hiyo ndiyo kazi ya ufundi hasa. Huiita monda, kuchambua, na wanaoifanya kwa mazoea ni wanawake. Maua humwagwa mezani yakawa kilima. Mchambuaji huchukua ua kwa mkono wa kushoto, huufungua mdomo wake kwa kidole, na kwa ukucha wa gumba hulikata shingoni. Mkono wa kulia unazivuta nyuzi zote tatu pamoja na kuziweka sahanini; petali zinadondoka sakafuni. Ua jingine.

Nimeieleza kwa sentensi tatu, lakini ufundi wote umo katika pale ukucha unapopita. Nyuzi tatu zimeungana chini kwenye kijiti kimoja, na kijiti hicho kinaanza kuwa chekundu, kikawa cha machungwa, kikawa cha njano, kikaishia cheupe. Weupe ule hauna rangi wala ladha ya maana. Ukikata juu sana, nyuzi zinaachana na kutawanyika, moja inakwenda na petali. Ukikata chini sana, unabeba weupe, na mnunuzi mjuzi ataona kwa jicho kwamba amelipia uzito usio na kazi. Mahali pa haki ni nafasi ya milimita chache, na mchambuaji hupafikia bila kutazama, akizungumza na jirani yake, kwa hisia ya ncha ya kidole. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Sijaona kazi inayolithibitisha neno hilo kuliko hii ya gumba na shahada.

Aliyewahi kuketi Pemba msimu wa karafuu ataliona jambo hili kwa moyo. Jioni, karafuu zimerudi na magunia, familia nzima huzunguka mkeka na kuchambua: vichane vinabanwa kiganjani, karafuu huku, makonyo kule, mazungumzo hayakatiki, na mikono inafanya kazi kana kwamba ina akili yake. Bibi yangu aliweza kusinzia huku akichambua. Tofauti ni kwamba karafuu huvumilia kubanwa. Uzi wa zafarani ukiuponda umeuharibu, na mikono yenye jasho huufanya ugandane.

Nilijaribu kupiga hesabu yangu mwenyewe. Tuseme mchambuaji hodari anamaliza ua moja kwa sekunde nne. Maua 150,000 ni sekunde 600,000, sawa na saa 166, karibu siku saba mchana na usiku bila kulala wala kula. Hapo hatujahesabu kuchuma, wala kukausha, wala miaka ya kufukua na kuzika matunguu. Na kilo hiyo moja ni ya zafarani kavu. Zafarani mbichi hupoteza kama nne ya tano ya uzito wake ikikauka.

Kukausha ni ufundi wa tatu, na hapa kila nchi ina mkono wake. Kashmir, katika mashamba ya Pampore karibu na Srinagar, kwa desturi hutumia jua. Iran, kwa desturi, ni kivulini, juu ya kitambaa safi. La Mancha hutumia moto. Wanatandaza nyuzi mbichi juu ya chekecheke lenye matundu madogo na kuliweka juu ya kitu ambacho sisi tungekiita seredani, makaa yamefifia, hakuna mwali wala moshi. Tabaka ni jembamba. Mwangalizi hukaa hapo hapo, maana nusu saa hiyo inaweza kuokoa au kuunguza kazi ya siku nzima ya nyumba nzima. Kisha huigeuza ili upande wa pili nao upate joto, na hujua imekuwa tayari kwa mguso: uzi unakuwa mkakamavu, unavunjika badala ya kupinda.

Cha ajabu ni kwamba harufu ya zafarani haimo ndani ya ua. Uzi mbichi unanukia majani tu. Ndani yake mna kemikali chungu, pikrokrosini, ndiyo ile ladha yenye ukali kidogo. Inapopata joto na kukauka, hujivunja na kuzaa safranali, na hiyo safranali ndiyo harufu inayokufikia ukifungua kichupa. Kwa maneno mengine, mchumaji na mchambuaji hufanya kazi yao yote kwa ajili ya harufu ambayo bado haijakuwapo. Anayekausha ndiye anayeizalisha.

Iran ndiyo mama wa zafarani ya leo; karibu asilimia 90 ya zafarani ya dunia hutoka huko, hasa Khorasan, kwenye miji kama Torbat-e Heydarieh, Qaen na Gonabad. Kwa wenyeji huko, mahali pa kukatia ndipo panapotoa jina. Nyuzi zikichambuliwa pamoja na mkia wake mweupe, zikapangwa sambamba na kufungwa kwa uzi, ni dasteh, yaani shada. Zikikatwa zikabaki ncha nyekundu peke yake ni sargol, kichwa cha ua. Zikiwa nyekundu tupu, nene, zimenyooka bila kuvunjika, ni negin, kito cha pete. Napenda sana lugha inayoupa mkato wa ukucha majina matatu. Kwetu neno ni moja tu, zafarani, kwa kuwa sisi tuliipokea ikiwa imekwisha kukatwa.

Tuliipokea zamani, kwa majahazi ya Bahari ya Hindi, na tukaijengea makao yetu. Imo kwenye wali wa juu wa biriani, imo kwenye halua, ile ya Maskati na ile ya Unguja, pamoja na samli, sukari, wanga na iliki, ikikorogwa kwenye sufuria kubwa la shaba mpaka mikono iishe nguvu. Imo kwenye kahawa ya Waarabu wa Ghuba. Kashmir nao wana kinywaji cha majani ya chai, zafarani, iliki na mdalasini, na wanakiita kahwa. Wairani hupika sholeh zard, wali mlaini wenye sukari na zafarani, wakaugawa kwa majirani kutimiza nadhiri. Na yeyote aliyehirimia Hija au Umra amefundishwa kwamba Mtume (S.A.W.) aliwakataza mahujaji kuvaa nguo iliyoguswa na zafarani. Hilo peke yake linatosha kukuonyesha ilivyothaminiwa wakati huo, rangi na manukato kwa pamoja.

Lakini matumizi ambayo mimi huyaona ya ndani kuliko yote hapa pwani ni kombe. Mwalimu huroweka zafarani, hupata wino wa dhahabu, kisha huandika aya za Qur'ani juu ya sahani nyeupe ya kauri. Maandishi yakikauka, huoshwa kwa maji au kwa marashi ya mawaridi, na mgonjwa akayanywa. Nikiwa mtoto nilitazama maandishi yakiachia sahani polepole, herufi zikinyooka kuwa nyuzi, nyuzi zikawa wingu, wingu likawa maji ya njano. Sikujua wakati huo kwamba nilikuwa natazama jambo ambalo rangi nyingine za jamii yake haziwezi. Krosini, rangi ya zafarani, ni ya ukoo mmoja na rangi ya karoti na ya mawese. Rangi hizo kwa kawaida huyeyuka kwenye mafuta tu. Chemsha karoti uonavyo, maji yatabaki karibu meupe, na wekundu wa mawese hauwezi kuingia majini hata kidogo. Krosini imebeba sukari kwenye ncha zake, na sukari ndiyo inayoipitisha majini. Kwa sababu hiyo inapaka wali, inapaka kitambaa, na inaweza kuandikwa, kuoshwa na kunywewa. Siku hizi waandishi wengi wa kombe hutumia rangi ya chakula, kwa sababu ya bei. Siwalaumu, lakini sahani ya zafarani ya kweli ina harufu, na harufu ile ni sehemu ya faraja ya mgonjwa.

Palipo na bei hapakosi wadanganyifu. Pliny, Mrumi aliyefariki mwaka 79, aliandika kwamba hakuna kitu kinachochakachuliwa kama zafarani, na kipimo chake kilikuwa cha mkono: ikandamize, ya kweli italia kwa kuvunjika. Huko Nürnberg, Ujerumani, walikuwa na wakaguzi wake maalumu, na mwaka 1444 mfanyabiashara mmoja alichomwa moto pamoja na zafarani yake ya uongo. Hukumu ya kikatili, ila inaonyesha mji ule ulivyoijua thamani ya kazi iliyoibiwa. Leo maabara hupima kwa kiwango kiitwacho ISO 3632, zikiupitisha mwanga kwenye maji ya zafarani na kusoma nguvu ya rangi, uchungu na harufu.

Nyumbani hakuhitaji maabara. Siku moja nilinunua kwenye duka moja la mjini pakiti ya "zafarani ya Iran" kwa bei iliyonifurahisha. Nilitia nyuzi chache ndani ya glasi ya maji baridi na pembeni nikatia nyuzi tatu za shangazi kwenye glasi nyingine. Za dukani ziliachia wekundu papo hapo kama wino uliomwagika, na baada ya dakika chache nyuzi zenyewe zilikuwa zimepauka. Za shangazi zilikaa kimya. Kisha kutoka kila ncha ukashuka moshi mwembamba wa njano, taratibu mno, na robo saa baadaye maji yalikuwa ya dhahabu huku nyuzi zikiwa bado nyekundu. Nililia kwa hasira, si kwa ajili ya pesa zangu. Niliwafikiria wanawake wa Khorasan waliovunjika migongo alfajiri, jina la kazi yao limebandikwa juu ya vinyuzi vilivyotiwa rangi. Na ule unga wa machungwa unaouzwa kwenye vipakiti kwa ajili ya biriani ni rangi ya chakula, hata kama sote tumezoea kuuita zafarani. Utumie ukipenda, lakini uuite rangi.

Basi ukipata ya kweli, nunua nyuzi, usinunue ya unga, kwani unga hauonyeshi ulikotoka. Ifiche mbali na mwanga na unyevu, kwenye kioo au bati lililofungwa vizuri. Siku ya kupika usizitupe nyuzi kavu juu ya wali; nyingi zitabaki na siri yao. Fanya kama Wairani: ziponde kwenye kinu kidogo pamoja na chembe chache za sukari, tia kwenye kikombe, mimina maji ya moto yaliyotulia, funika, na uipe robo saa. Ukishamwaga kwenye wali, usikioshe kikombe bado. Tia kijiko kimoja cha maji, kizungushe, na maji hayo nayo uyamwagie sufuriani.